Wasichana Thelathini na Wawili

"Na viangazi vyako?" aliuliza Bwana Corliss kutoka kwenye kompyuta. "Baada ya darasa la tisa ulifanya nini? Na baada ya la kumi?"

Navreet alimtazama mama yake, kisha shangazi yake, kisha akairudia ile sura ya mwanamume mwenye miwani aliyekuwa ameketi mbele ya rafu ya vitabu mahali fulani karibu na San Jose.

"Mapichi," alisema.

"Samahani?"

"Tuna shamba la mapichi. Kiangazi ni mavuno. Mimi nasimama kwenye mizani, napima makreti, naandika. Watu wa kiwandani wakija kukagua, mimi ndiye naongea nao."

"Viangazi vyote?"

"Tangu nina miaka tisa."

Bwana Corliss alitikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyeletewa picha mbaya ya mapafu. Kalamu yake haikugusa karatasi. Navreet aliliona hilo. Alipotaja alama zake za kemia, kalamu iliandika. Aliposema shule yao imefuta fizikia kwa kukosa wanafunzi, iliandika pia. Mapichi hayakuandikwa.

Mtu huyu alilipwa kwa saa ili awapange watoto wa watu: masomo gani wachukue, wajiunge na chama gani, kiangazi wakipitishe wapi, ili vyuo vikubwa viwatake. Saa ile moja Shangazi Harpal alikuwa ameikata kwenye saa alizomlipia binti yake mwenyewe, na tangu aingie kutoka Fremont alikuwa amelisema jambo hilo mara mbili.

"Wifi, nikuambie ukweli?" Harpal alimgeukia Simrat, mama yake Navreet. "Mtoto hana kitu. Ana alama, sawa, lakini alama kila mtu anazo. Hana hata chama kimoja alichoanzisha?"

"Akirudi shule anapika," alisema Simrat. Alifanya kazi jikoni kwenye shule ya msingi, akiwagawia watoto wa wenzake chakula cha mchana, na bado alikuwa na alama ya kofia ya wavu kwenye paji la uso. "Mimi natoka kazini nimechoka."

"Kupika haiandikwi." Harpal akafikiri kidogo. "Si kuna ile shule ya kijijini kwetu, anayofundisha ndugu yetu Jasvir? Navreet, wewe si ulikuwa unawatumia vitabu?"

"Nilituma boksi moja, Shangazi. Miaka miwili iliyopita. Nusu yake vilikuwa vya kupaka rangi."

"Boksi moja, maboksi kumi, nani anakwenda kufungua?" Harpal aliisogelea kompyuta. "Bwana Corliss, ana mradi. Anasaidia wasichana maskini kule Punjab wasiache shule. Ni mnyenyekevu tu, hasemi."

Yule bwana aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Mradi wa namna hiyo ungebadilisha kila kitu," alisema. "Niandikieni. Mimi nafanya kazi na ninachoandikiwa." Akaangalia saa, akaaga.

Waliandika mchana ule ule, mezani, chai ikipoa. Navreet ndiye aliyechapa. Mama yake alikaa pembeni, mikono mapajani, hakukubali wala hakukataa.

"Wasichana wangapi?" aliuliza Navreet.

"Thelathini," alisema Harpal. Kisha akasita. "Hapana. Thelathini inaonekana ya kubuni. Andika thelathini na wawili."

Baba yake, Baldev Singh Bassi, wakati huo alikuwa shambani akipogoa matawi. Alipoingia ndani kula, mtu na wifi yake walikuwa wanazungumzia harusi.

*

Jibu la ombi lake la programu ya kiangazi ya chuo kikuu lilikuja Aprili, katikati ya kipindi cha historia. Navreet alilisoma kwenye simu chini ya dawati, na kabla hajafika mwisho, jina lake likatangazwa kwenye spika: aende ofisini kwa Bi. Haskell.

Bi. Trudy Haskell alikuwa mshauri wa wanafunzi mia nne na kumi, peke yake. Nje ya mlango wake hakukosekana foleni, mmoja anataka kubadilishiwa somo, mwingine analia. Siku hiyo aliiacha foleni ikasubiri, akamkumbatia Navreet mpaka miwani yake mwenyewe ikapinda.

"Wiki tano chuo kikuu! Kula, kulala, nauli, vyote juu yao! Unajua ni wangapi wametoka shule hii kwenda pale? Sifuri. Miaka kumi na tisa nawaandikia barua, hata hawanijibu." Alivuta fomu ya masomo ya mwaka wa mwisho, akaanza kufuta na kuandika upya. "Sasa tupange vizuri. Hesabu za juu, utachukua. Fizikia, tutakutafutia chuo cha mji. Kiingereza cha juu. Wewe sasa hivi nakupanga kwa ajili ya popote."

"Asante, Bi. Haskell."

"Ni wale wasichana wako," alisema mama yule, akipangusa miwani. "Wenye alama nzuri wapo wengi. Lakini wale wasichana! Nilipokuwa naandika barua yako nililia hapa hapa kwenye kiti."

Navreet akasema asante tena. Alikuwa amegundua kwamba neno hilo linatosha karibu kila mahali.

Nyumbani, kazi ilikuwa kumwambia baba. Baldev alikuwa amekwisha kusema tangu Januari kwamba hataki kusikia habari za kiangazi. Nani atasimama kwenye mizani? Sasa aliisoma barua akiwa amesimama, kidole kikifuata maneno, midomo ikicheza. Alipofika penye wasichana alirudia mstari ule mara mbili.

"Umefanya haya lini?"

"Taratibu tu, Baba."

"Na hukuniambia."

Baldev aliikunja barua kwa ile mikunjo yake ya mwanzo, akaitia mfuko wa shati. "Nenda," alisema. "Mizani nitaitafutia mtu." Kesho yake akaenda nayo kwenye duka la matairi, ingawa gari halikuwa na tatizo la tairi.

*

Wiki nne baadaye, Jumamosi saa tisa mchana, gari jeupe liliingia uani. Alishuka Mzee Tarlochan Singh, katibu wa kamati ya gurudwara, hekalu lao Masingasinga. Mzee huyu hakuwahi kukanyaga nyumba ya Bassi. Bassi walikuwa na ekari ishirini na mbili. Wenye ekari mia tano ndio waliotembelewa.

"Baldev Singh, wewe mtu mbaya sana!" alisema kwa kicheko hata kabla hajakaa. "Mtoto wako analea shule nzima kule kwetu, na mimi nije kuyasikia kwenye matairi?"

Baldev alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Mimi mwenyewe alinificha, Mzee. Watoto wa siku hizi hawasemi."

Simrat alileta chai na vitafunio. Navreet alileta sahani. Mzee Tarlochan alimwekea mkono kichwani kumbariki, kisha akatoa habari aliyokuja nayo. Kwa Jumapili tatu mfululizo walikuwa wameweka sanduku mlangoni kwa ajili ya wasichana wale. Bassi hawakuambiwa kwa makusudi. Kesho wangeliweka kwa mara ya mwisho, na Jumapili ya wiki ijayo Navreet angesimama mbele ya watu wote, aeleze kidogo kuhusu mradi, halafu akabidhiwe.

"Mpaka sasa imeshapita dola elfu tatu. Na si matajiri, nakuapia! Ni vibarua. Ni akina mama wanaochambua matunda. Wengine wametia kwenye bahasha, wakaandika na majina ili wasichana wajue nani amewakumbuka."

Kikombe cha Simrat kiligonga kisahani. Navreet alisema anakwenda mara moja chooni. Alifungua bomba, akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea, maji yakimwagika bure. Nje alisikia sauti ya baba yake ikisema, polepole, kama mtu anayeonja kitu, "Thelathini na wawili, Mzee. Thelathini na wawili."

Mgeni alipoondoka Navreet alitoka nyuma ya nyumba, akampigia shangazi yake.

"Watu wametoa pesa," alisema.

"Vizuri sana! Zitume kwa Jasvir. Atatafuta wasichana thelathini na wawili wa kweli, atawanunulia vitabu vya kweli. Uongo utakuwa wapi tena?"

"Nimeandika kwamba nimewasaidia miaka mitatu, Shangazi."

"Nani atakwenda kuhesabu miaka? Navreet, nisikilize. Hawa wenzako wote, wote, mmoja ana chama cha kuokoa kasa na kuogelea hajui. Unafikiri binti yangu yeye..." Harpal akajikatiza. "Usinilie kwenye simu. Umepewa mlango, ingia."

Kwa siku mbili Navreet alilipindua wazo lile upande huu na upande ule, na kila alivyoliangalia lilionekana zuri. Wasichana wangepata vitabu. Baba angebaki na furaha yake. Bi. Haskell angebaki na ubao wake wa matangazo wenye picha ya Navreet. Hakuna ambaye angepoteza kitu. Hilo ndilo lililomtisha: jinsi alivyokuwa karibu kukubali, na jinsi alivyoanza, akiosha vyombo, kuwabunia wasichana wale majina.

*

Jumanne baada ya shule alimfuata baba yake shambani. Ilikuwa wakati wa kupunguza matunda. Vibarua walikuwa juu ya ngazi wakichuma mapichi mabichi, makubwa kama mbegu za embe changa, na kuyadondosha chini ili yatakayobaki yanenepe. Ardhi ilikuwa kijani kwa matunda yaliyotupwa.

"Baba, shuka kidogo."

"Sema, nasikia."

"Shuka, Baba."

Baldev alishuka. Jasho lilikuwa limelowesha ukingo wa kilemba chake. Alimwangalia bintiye, akadhani ni homa.

"Hawapo," alisema Navreet.

"Nani?"

"Wale wasichana."

"Wamehamishwa shule?"

Ni swali hilo lililomvunja. Kama baba yake angeanza na hasira, angeweza kusimama. "Hawajawahi kuwepo, Baba. Nilituma boksi moja la vitabu kwa Mwalimu Jasvir. Moja tu. Hayo mengine tuliyaandika."

"Nani, nyie?"

"Mimi. Na Shangazi. Mimi ndiye niliyeandika."

Baldev alivua glavu, kidole kimoja kimoja, akazikunja pamoja. Aliangalia safu ya miti mpaka mwisho wake.

"Mama yako anajua?"

Navreet aliyaangalia mapichi yaliyotupwa miguuni pake.

"Anajua," Baldev alijijibu. "Yule mkaguzi wa kiwandani, miaka kumi na moja anakata bei ya mapichi yangu bila kuniangalia usoni. Wiki iliyopita nilimwambia binti yangu analea wasichana thelathini na wawili. Alinipa mkono. Akaniita bwana."

"Nisamehe, Baba."

"Panda ngazi," alisema. "Safu hii haijaisha."

Walifanya kazi mpaka mwisho wa safu, mti kwa mti. Mapichi mabichi yalidondoka kati yao.

*

"Usinitazame hivyo, Baba Navreet," alisema Simrat. Alikuwa anasukuma chapati na hakugeuka.

"Sijakutazama."

"Unanitazama mgongoni, nasikia." Aligeuka, unga mpaka viwikoni. "Wewe siku ile ulikuwa unapogoa. Mimi nilikaa pale. Nilimwona yule mtu na kalamu yake. Mtoto anasema tangu nina miaka tisa nasimama juani, na yule mtu hakupoteza hata tone la wino. Hata neno 'mapichi' hakuliandika! Ningefanya nini?"

"Ungeniita."

"Ungekuja kusema nini? Ungesema nani atasimama kwenye mizani!"

Baldev alivuta kiti, akakaa.

"Amepata nafasi moja," Simrat aliendelea, sauti ikianza kupanda. "Moja. Na wewe unataka aitupe kwenye mfereji kwa ajili ya kilemba chako. Watu watasema nini, watu watasema nini. Pesa zitumwe, wasichana wasome, mtoto aende. Nani ameumia hapo?"

"Kilemba changu ni kitambaa, Simrat. Kikichafuka kinafuliwa," alisema Baldev. Hakuwa amepaza sauti, na hilo liliwafanya mama na binti wamsikilize. "Mimi simwambii aende, simwambii asiende. Nimechoka. Aseme mwenyewe."

Navreet alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Nikienda kule, Mama, siku ya kwanza wataniuliza niwasimulie. Na ya pili. Nimeshaanza kuwapa majina. Mmoja nimempa na mguu mbovu."

"Basi simulia! Wenzako si wanasimulia?"

"Siwezi tena."

Harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Simrat aliinyakua chapati kwa vidole vitupu, akaitupa kwenye sinki. "Ukisimama mbele ya watu kujivua nguo," alisema, "usiniite nije kutazama."

*

Kesho yake Bi. Haskell alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Safari hii alivua miwani, akaiweka juu ya meza, na uso wake bila miwani ulionekana wa mtu mwingine, mzee zaidi.

"Niliandika kwamba nimeziona picha za wale wasichana," alisema.

"Zilikuwa picha za shule ya ndugu yetu."

"Nilisaini, Navreet. Jina langu liko pale." Alichukua kalamu, akairudisha. "Nina watoto mia nne na kumi. Siwezi kwenda kuchungulia maisha ya kila mmoja. Naandika mnachonipa." Nje ya mlango mtu alibisha, naye Bi. Haskell akapaza sauti: "Subiri!" Kisha akaendelea kwa sauti ya chini. "Mwakani nina wawili ambao wangeweza kwenda pale. Wawili wazuri. Wakiona jina la shule hii kwenye bahasha watasema, aa, wale. Umelifikiria hilo?"

Navreet hakuwa amelifikiria. Aliinama akaangalia viatu vyake. "Niwaandikie mimi, au utawaandikia wewe?"

"Wewe andika yako. Mimi nitaandika yangu." Bi. Haskell aligeuza kompyuta upande wa msichana, akasimama dirishani na kumpa mgongo. Navreet aliandika sentensi sita. Alifuta mbili zilizokuwa zinajitetea. Akatuma.

"Na ujue," alisema Bi. Haskell kutoka dirishani, "vyuo vitaniuliza mwakani kama umewahi kupatikana na udanganyifu. Nitajibu ndiyo. Nitaandika pia kwamba hakuna aliyekukamata. Yote mawili ni kweli."

"Fizikia je?"

Mama yule aligeuka, karibu acheke kwa uchungu. "Fizikia ya chuo cha mji ipo pale pale. Madarasa ni kiangazi, asubuhi. Hiyo haihitaji hadithi."

Jibu la programu lilikuja Ijumaa, mistari mitatu. Nafasi yake imefutwa. Hata neno la kwaheri halikuwemo.

*

Jumamosi walikwenda, baba na binti, kwa Mzee Tarlochan. Mzee aliwasikiliza akichezea ndevu. Alipomaliza kushtuka, akaanza kutafuta njia.

"Haina haja ya kelele," alisema. "Mimi nitatangaza kuna tatizo la benki za kule, pesa haziendi. Tutazirudisha polepole. Msichana huyu ana kuolewa mbele yake, Baldev Singh. Mji huu mdogo."

Baldev alimtazama Navreet. Alikuwa anamwachia tena, na Navreet alihisi uzito wa kuachiwa.

"Nitasema mwenyewe, Mzee," alisema.

Siku iliyofuata ukumbi wa gurudwara ulijaa. Wanawake walikaa upande wao, wanaume upande wao, wote chini kwenye zulia. Sanduku lilikuwa mbele, limefunikwa kitambaa cha rangi ya machungwa. Mzee Tarlochan alimwita kwa jina bila kuongeza sifa yoyote, na kipaza sauti kikapiga kelele ya kukwaruza.

"Mimi ni Navreet, binti wa Baldev Singh Bassi," alianza. Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyotegemea. "Niliandika kwenye fomu ya shule kwamba ninasaidia wasichana thelathini na wawili. Si kweli. Hawapo. Niliandika ili nichaguliwe. Nikachaguliwa. Sasa nimewaambia, wamenifuta. Pesa zenu ziko humu zote. Baba yangu hakujua." Alikuwa amepanga kusema zaidi, lakini maneno yaliyobaki yalikuwa yamekwisha. "Nawaomba radhi."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Ulipita mnong'ono upande wa wanawake, kama mtu anayepasua karatasi taratibu, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani amefanya nini?" akanyamazishwa. Kwa upande wa wanaume Baldev alikuwa amekaa wima, macho kwenye zulia. Jirani yake alijisogeza kidogo, kama anayenyoosha mguu, na hakurudi.

Baada ya ibada watu walikwenda kwenye ukumbi wa chakula. Walikaa kwa mistari sakafuni, dengu na chapati zikipita kwenye ndoo na vikapu. Navreet alikaa mwisho wa mstari. Kati yake na mwanamke aliyefuata ilibaki nafasi ya watu wawili, na kila aliyeingia aliiona nafasi ile akaenda kutafuta pengine. Aliyekuwa anagawa dengu alimpakulia bila kumwangalia.

Kisha mtu akakaa pale, kwa nguvu, magoti yakilia. Ilikuwa ni Simrat. Alikuwa na nguo za nyumbani na mtandio uliowekwa kichwani kwa haraka. Alichukua chapati, akaikata vipande viwili, akampa binti yake kimoja.

"Ulisema huji," alisema Navreet.

"Sikuja kutazama. Nimekuja kula." Alichovya dengu, akatafuna, akiwaangalia watu wa mstari wa mbele moja kwa moja mpaka wakainamisha macho. "Hiyo fizikia inaanza lini?"

"Juni. Asubuhi mpaka saa sita."

"Shule yangu inafungwa kiangazi. Nitasimama mimi kwenye mizani mpaka urudi. Utanionyesha jinsi ya kuandika."

*

Zile pesa zisizo na majina ziliachwa kwa ajili ya jiko la gurudwara. Bahasha zenye majina zilikuwa kumi na tisa. Mzee Tarlochan alipendekeza zirudishwe mlangoni, Jumapili, kila mtu achukue yake. Baldev alikataa. Alisema watu walipeleka wenyewe kwa mikono yao, zitarudishwa kwa mikono.

Walizunguka alasiri baada ya alasiri kwa gari la shamba, Baldev akiendesha, Navreet akiwa na bahasha mapajani. Kila mlango alibisha yeye. Baba yake alisimama hatua moja nyuma, akasalimia, basi. Mwanamume mmoja aliipokea bahasha akaifungua papo hapo na kuhesabu mbele yao. Mama mmoja alisema, "Sisi tunawaambia mabinti zetu wawe kama wewe," akafunga mlango. Mwingine alilazimisha waingie kunywa chai, akazungumza habari za mvua nusu saa nzima, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Dereva wa lori mmoja alicheka. "Mimi kijana wangu aliandika ni nahodha wa timu ya tenisi," alisema. "Hiyo timu haipo." Navreet hakucheka, naye Baldev pia hakucheka.

Ya kumi na tisa ilikuwa ya Bibi Gurdial Kaur. Aliishi kwenye nyumba ya magurudumu nyuma ya uwanja wa kukaushia matunda, na kwa miaka yake sabini na zaidi bado alichambua matunda kwenye mashine wakati wa msimu. Kwenye bahasha kulikuwa na dola arobaini, zote noti za moja moja na za tano tano. Aliwasikia kabla hawajabisha, akaja kwenye mlango wa wavu, akaongea kupitia wavu ule ule.

"Jumapili sikuja. Magoti," alisema. "Watu wameniambia. Lakini nilitaka nisikie kwako. Hakuna wasichana?"

"Hakuna, Bibi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Bibi Gurdial alishika ukingo wa mlango. Hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kuhusu msiba wa watu wa mbali na anajaribu kukumbuka sura zao.

"Mimi sikuwaombea kwa jumla," alisema. "Kwa jumla haifai, mtu hasikiki vizuri. Niliwagawa. Kila asubuhi msichana mmoja. Leo asome, leo asiolewe mapema, leo baba yake asimpige. Nilikuwa nimefika wa ishirini na mmoja." Akamwangalia Navreet kwa macho yenye ukungu. "Sasa hizo dua zimekwenda kwa nani?"

Navreet alikuwa na jibu kwa kila mlango. Alikuwa amejifunza maneno ya kuomba radhi mpaka yakawa laini mdomoni. Hapa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya shambani, alilia mbele ya mtu, bila kujifunika uso.

Nyuma yake Baldev alikohoa kidogo, akasogea mbele ile hatua moja.

"Mwandikie huyu dua zote, Bibi," alisema. "Na zile kumi na moja zilizobaki, mpe pia. Anazihitaji."

Bibi Gurdial alimkagua msichana kutoka kwenye viatu vyenye vumbi mpaka kichwani, taratibu, kama anavyokagua tunda kwenye mashine kabla ya kuamua liende upande gani.

"Thelathini na mbili hazitamtosha," alisema, na akaondoa komeo la mlango wa wavu.